Hina Nyeusi na Nusu Kaputi

"Kama dawa moja inalaza, zile nyingine tatu ni za nini?"

Shangazi aliniuliza hivyo jikoni kwake Mpumudde, akikata vitunguu, kwa kuwa mimi nina shahada ya chuo kikuu. Alikuwa amesikia kwamba mtu akipasuliwa siku hizi hachomwi sindano moja tu. Hupangiwa sinia zima la mabomba ya sindano, kila moja na kibandiko chake. Nilimwambia shahada yangu ni ya takwimu, lakini nitamtafutia jibu.

"Miaka minne umesoma," alisema, "na bado unatafuta."

Shangazi ndiye aliyenilea. Shingoni alikuwa na rovu lililoanza kama kokwa la zambarau nikiwa shule ya msingi, na sasa lilikuwa limekua likawa ngumi. Lilimkaba. Alikuwa halali tena kitandani. Alisinzia ameketi, mito mitatu mgongoni, na nilisikia pumzi yake ikipita kwa shida kama mtu anayenyonya uji mzito kwa mrija. Kisha tukapata habari kwamba daktari mpasuaji mgeni atakuwa Mbale kwa wiki moja, kazi yake kuondoa marovu tu. Akishaondoka, labda angerudi baada ya mwaka, labda asirudi. Shangazi akaenda huko kujiandikisha, akisindikizwa na jirani yetu, akapewa siku ya Alhamisi.

Mimi nikaanza kazi yangu ya kila siku, yaani kubisha. Huyo daktari amesomea wapi? Umeme ukikatika, jenereta iko? Ni nani aliyehakikisha kwamba iko na mafuta? Nilisoma kwenye simu mpaka macho yakawasha. Shangazi aliniacha niseme. Jumanne akanikabidhi bakuli.

Kwetu mwanamke haondoki kwa safari ya maana bila hina, udi na mafuta. Babu zetu walikuja na jeshi kutoka Sudan, na kati ya walivyokuja navyo, hina ndiyo iliyodumu kuliko bunduki. Shangazi alitaka nyeusi, ile inayochanganywa na unga wa rangi ya nywele, ipakwe vidole vya mikono na vya miguu, na kucha zote zizibwe kabisa.

"Watanivua nguo mbele ya wageni," alisema. "Angalau vidole vionekane vina mwenyewe. Silazwi pale kama kuku aliyenyonyolewa."

Nikampaka kwa uangalifu mkubwa. Ilikuwa kazi nzuri, nasema mwenyewe. Wiki ile nilihoji kila kitu kuanzia jenereta hadi vyeti, isipokuwa kile kilichokuwa ndani ya bakuli.

Jumatano mchana tulikuwa Mbale, wodi ya wanawake. Kutoka dirishani ungeweza kuona genge la mlima Wanale na uzi mwembamba wa maji ukining'inia juu yake. Mtu wa nusu kaputi alikuja kumwona kabla ya upasuaji wa kesho yake: Mgisu, mwenyeji wa huko, wa makamo, mpole, amevaa gambuti nyeupe. Kwa Shangazi, yeyote mwenye sare na gambuti ni mwanajeshi.

"Habari ya leo, mama?"

"Nzuri, afande."

"Mimi si afande, mama. Mimi ni mtu wa usingizi."

"Anayeweza kunilaza bila mimi kutaka ni afande."

Akacheka. Akamwambia afungue mdomo, ageuze shingo huku na huku, ataje meno yanayotikisika. Kisha akatoa mashine ndogo yenye kibanio, akambana kidole cha shahada. Mashine ikachora mstari ulionyooka. Akajaribu kidole kingine, na kingine. Akajibana mwenyewe: namba zikatokea mara moja. Akainama, akajaribu vidole vya miguu.

"Mama, kwa hii mashine, wewe hauko."

Wodi nzima ikacheka. Yeye hakuendelea kucheka.

"Nani amepaka wewe hii?"

Shangazi akaninyooshea kidole cheusi. "Huyu. Amesoma."

Akanieleza mimi, kwa kuwa nilikuwa nimesoma. Kesho atampa dawa moja ya kulegeza misuli yote, pamoja na ile ya kupumua. Kuanzia hapo mashine ndiyo itakayompumulia. Kibanio hupitisha mwanga kwenye kidole na kupima kama damu inapata hewa. Ndicho kinachomwambia mapema mambo yakiharibika. Zamani, kabla ya vibanio, waliangalia kucha kama zinageuka buluu.

"Sasa kibanio hakioni, na mimi pia kucha sioni," alisema. "Hiyo rangi isipotoka mpaka asubuhi, naweka mgonjwa mwingine."

Jioni hiyo nilipata elimu. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alisema ndimu. Mwenzake akasema majivu. Mwingine alikuwa na mafuta ya taa kwenye chupa ya soda, na sikumuuliza kwa nini alikuja nayo hospitalini. Nilisugua kwa dawa ya meno, nikakwangua kwa wembe, nikasugua tena. Hina ya kwetu haina utani. Vidole vyangu vilivimba, kucha za Shangazi zikabaki zinang'aa kama mbegu za papai.

Yeye alikuwa ametulia ajabu. "Basi, turudi nyumbani," alisema. "Mwaka si mwingi."

"Shingo yako haina mwaka, Shangazi."

"Hiyo ni takwimu?"

Nikarudi kusugua. Nilikuwa nimemaliza hoja zote za duniani, na ngumi ile shingoni mwake nilikuwa nimeizibia mlango wa kutokea mimi mwenyewe, kwa mkono wangu.

Asubuhi mtu wa usingizi alikuja na karatasi yake ya majina. Akatazama kucha, akatikisa kichwa, akatoa kalamu. Ndipo nikafanya ninachokijua.

"Kwani mashine inataka kidole, au inataka damu?"

Kalamu ikasimama. "Inataka mahali pembamba penye damu, mwanga upite."

"Sikio je?"

"Sikio ni sawa kabisa. Kibanio cha sikio ndicho kiliharibika." Akafikiri. "Lakini kile cha watoto ni kidogo, kinaweza kushika sikio."

Akaenda wodi ya watoto na gambuti zake zikipiga chapwa chapwa, akarudi nacho. Shangazi akavua hereni. Kibanio kikateleza mara mbili; mara ya tatu akakifunga kwa plasta, tukakodolea macho kioo cha mashine sote watatu. Tisini na sita. Nilitaka kumkumbatia yule bwana.

Shangazi hakutabasamu. Alimshika mkono wa sare.

"Afande. Kama dawa moja inalaza, zile nyingine tatu ni za nini?"

Akaketi ukingoni mwa kitanda, orodha ya wagonjwa ikamsubiri.

"Mama, unajua kupika pilau?"

"Unaniuliza mimi?"

"Ukitaka ladha yote itoke kwa karafuu peke yake, utaweka ngapi?"

"Itakuwa chungu. Watu wataitema."

"Ndiyo hivyo. Dawa ya kulala peke yake inaweza kufanya kazi yote, lakini lazima niweke nyingi, mpaka moyo ukatae. Kwa hiyo naweka kidogo ya kulala. Naongeza ya maumivu, kwa sababu mtu anaweza kulala na mwili wake bado unasikia kisu, presha inapanda. Hizo mbili zikiwa pamoja, kidogo ya kila moja inatosha. Halafu ya kulegeza, ndiyo nipitishe mpira wa hewa kooni, na daktari asipigane na shingo yako."

"Hizo tatu."

"Ya nne ni ya mwisho. Inaondoa ile ya kulegeza, upumue mwenyewe."

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Hapo upande wa kichwa chako. Sitoki hata kukojoa."

Akanipa hereni zake nishike. "Twende," alisema.

Nilikaa kwenye benchi nje ya mlango na kwa saa mbili na nusu sikuhoji chochote, hata bei ya chai. Hatimaye mtu wa usingizi akatoka, barakoa chini ya kidevu.

"Anapumua mwenyewe," alisema. "Ameuliza kama umeuza hereni."

Siku ya tatu Shangazi alilala chali, mchana kweupe, mto mmoja. Niliinama karibu kusikiliza, nikasikia pumzi tu.

Tangu hapo nimesimulia kisa hiki mara nyingi, na mkosaji siku zote nilikuwa mimi. Miaka miwili baadaye, tukiosha vyombo kwenye harusi moja hapa Mpumudde, yule jirani yetu aliyemsindikiza aliniambia kwamba siku ya kujiandikisha muuguzi aliwaeleza wazi, mara mbili, kwa Kiswahili na kwa Kiganda: kucha ziwe tupu, bila rangi wala hina. Shangazi aliitikia. Wakiwa njiani kurudi akamsihi jirani asinitajie neno hilo, kwa kuwa alitaka hospitali imrudishe nyumbani, mtu yeyote asijue kwamba aliogopa.