Mrija wa Wakubwa

Juzi, kwenye mkutano mwingine wa amani huko Kimihurura, niliona kila mjumbe amewekewa chupa yake ya maji. Nikahisi uchovu wa zamani.

Nilikumbuka alasiri moja ya utotoni, uani kwetu Remera, harufu ya pombe ya mtama ikitoka jikoni. Redio ilikwaruza, ikatangaza kwamba wakubwa waliokuwa wakipigana wametia saini mkataba wa amani. Mtaani kwetu, majirani waliogombana walipatanishwa kwa kunywa chungu kimoja, mrija mmoja. Basi nikauosha mrija wetu mrefu, nikampelekea baba.

“Hii iko ya nini?”

“Peleka kwa wakubwa, papa. Bila hii hawajapatana.”

Baba alicheka mpaka akakohoa. Nikauanika ukutani, nikisubiri waje kuuchukua.

Tulipokimbia vita, tuliuacha palepale, umeshakauka.