Siku Nne Kwenye Reli ya Mizeituni

Watu wakiniuliza Hispania ilikuwaje, huwajibu kwamba kulikuwa na mizeituni mingi. Wengi huridhika na jibu hilo. Mke wangu akiwa karibu huinuka kwenda kuchemsha chai, hata kama chai ipo mezani.

Safari yenyewe haikuwa yangu. Ilikuwa ya dada yangu mkubwa, muuguzi, aliyenilea tangu mama yetu alipofariki nikiwa darasa la pili. Mpaka ndevu zangu zikaota mvi bado aliniita "mtoto", mbele za watu, bila aibu. Ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli kwenye uwanja wa shule, kwa ile baiskeli nyeusi ya baba iliyokuwa nzito kuliko mimi, akikimbia nyuma yangu na kuniapia kwamba bado ameshika kiti. Hapa Birmingham aliishi Winson Green, mtaa wa pili kutoka ukuta wa gereza, na kwa miaka mingi hakugusa baiskeli kwa sababu aliogopa magari. Alisema watu wa hapa wanaendesha kama waliokosana na Mungu.

Siku moja, akingoja zamu yake kwa daktari wa meno, aliona picha kwenye gazeti. Ilikuwa njia ya reli ya zamani kusini mwa Hispania. Reli ziling'olewa, njia ikalainishwa kwa ajili ya baiskeli na wanaotembea kwa miguu, mizeituni pande zote mbili, na gari hakuna hata moja. Dada yangu, ambaye hajawahi kurudi nyumbani na hata kalamu ya wodini, aliuchana ule ukurasa akautia mkobani. Ukakaa kwenye mlango wa friji yake karibu miaka miwili.

Mwaka wa mwisho tulifanya mazoezi kwenye reli yetu wenyewe, ile ya zamani iendayo Harborne, ambayo nayo ilikufa ikageuzwa njia. Haina mizeituni. Ina miiba, mbwa wasiofungwa, na mara moja moja kigari cha supamaketi kimelala kifudifudi. Tulikuwa watatu: dada yangu, mimi, na ndugu mmoja wa kanisani, Mkongo wa Bukavu, ambaye tunafanya naye kazi kwenye karakana ya kung'arisha vyuma kule Hockley. Binti wa dada yangu, msichana wa miaka kumi na tisa, mzaliwa wa hapa hapa, alikuwa akisimama mlangoni kutucheka. "You three look like a Bible story," alisema, eti tunafanana na watu wa hadithi ya Biblia.

Wiki ya safari kifua kikambana dada yangu, akalazwa. Madaktari wakasema ni nimonia, siku chache atatoka. Nilimwambia tuahirishe. Akanifokea na mpira wa oksijeni puani.

"Mtoto, nenda! Mimi ni muuguzi, najua mgonjwa wa kufa anavyofanana. Uniletee mafuta ya huko, yaliyotoka kwenye mti wenyewe. Sitaki ya supamaketi."

Nikaenda. Hilo ni langu, simlaumu mtu.

Tulianzia Jaén, na nitasema ukweli ingawa unaniuma: ilikuwa raha. Udongo ni wa rangi ya hudhurungi iliyopauka, na juu yake mizeituni imepangwa mistari kupanda vilima na kushuka, mpaka jicho linachoka kuhesabu. Ilikuwa Mei, miti imetoa maua madogo meupe ambayo huyaoni mpaka usogee karibu. Mahandaki ya gari moshi bado yapo, na taa huwaka zenyewe ukiingia. Stesheni za zamani zimekuwa mikahawa. Unaegemeza baiskeli pale abiria walipokuwa wakingoja, unaletewa mkate uliolowekwa mafuta na nyanya ya kusagwa, unakula na jasho lako. Kwa sababu reli haikubali mlima mkali, njia nzima inapanda polepole bila kukutesa. Jioni ya kwanza dada yangu alinitumia sauti yake mwenyewe, ya mtu aliyechoka lakini anacheka: "Nipigie picha ya mti mmoja tu, sio mia. Mmoja nitauangalia vizuri."

Nikampigia mmoja. Ulikuwa na shina lililojipinda, na katikati yake tundu ambalo ungeweza kuweka mtungi.

Asubuhi ya siku ya tatu niliona mwenzangu amebadilika. Kila siku yeye ndiye aliyetangulia, anapiga kengele bure, anaimba. Siku hiyo akataka nitangulie mimi. Nikisimama anasimama. Nikigeuka nakuta macho yake mgongoni kwangu. Alinijazia chupa ya maji kabla sijamaliza, akanibebea mfuko wangu kwenye baiskeli yake, na kabla ya chakula akaomba sala ndefu kuliko ya mchungaji. Nikamtania kwamba mizeituni imemkumbusha Gethsemane. Hakucheka.

"Weka ile telefone mu sac, ndugu yangu," akaniambia. "Utaanguka."

Sikuitia simu mkobani. Saa nane hivi tulifika kwenye daraja la chuma, refu, lililopita juu ya bonde, na chini mto mwembamba. Nikasimama katikati, nikampigia dada yangu picha ya kivuli cha daraja juu ya mizeituni, nikatuma. Tiki mbili zikageuka buluu papo hapo. Chini ya jina lake pakaonyesha kwamba anaandika. Nikangoja. Akaandika, akaacha. Akaandika tena, muda mrefu, nami nikasimama nikicheka peke yangu, nikamwambia mwenzangu, "Muone huyu mama, vidole vya kudunga sindano haviwezi kuandika meseji." Mwenzangu akatazama mtoni. Mwishowe ukaja moyo mmoja mwekundu, basi. Nikapanda baiskeli, nikaendelea.

Usiku nilipompigia mke wangu kumuuliza hali ya mgonjwa, akasema, "Anaendelea." Neno zuri sana hilo. Halisemi anaendelea kwenda wapi.

Siku ya nne tulimaliza. Nilipiga picha kwenye bango la mwisho wa njia, mikono juu. Nikaingia mahali wanapokamua zeituni nikachagua kopo la mafuta kwa zaidi ya nusu saa, nikionja hili na lile kwa vipande vya mkate, kwa sababu nilijua nitaulizwa. Siku ya tano tukapanda ndege Málaga.

Tunakaa Ladywood, ghorofa ya sita. Lifti ilipofunguka niliona viatu. Viatu vingi, vimepangwa nje ya mlango wetu hadi kwa jirani: vya kina mama wa kanisani, vya wazee, na raba nyeupe za binti wa dada yangu. Mkenya yeyote aliyewahi kurudi nyumbani akakuta viatu vya namna hiyo hahitaji kuambiwa. Mwenzangu alikuwa nyuma yangu, amenishika mkoba kwa nguvu, nisije nikaanguka.

Dada yangu alizidiwa jioni ya siku ya pili. Alifariki siku ya nne mchana, yapata saa ile niliyokuwa naonja mafuta.

Mke wangu alinieleza mbele ya watu wote, kwa upole, kama mtu anayejua ametenda jema. Walikaa kikao hapo hapo sebuleni. Wakaamua kwamba mtu aliye safarini haambiwi. Angechanganyikiwa, angeanguka na baiskeli, tungekuwa na misiba miwili. Mke wangu akampigia mwenzangu simu akamwapisha asiniambie. "Bibi yako aliniapisha mu jina ya Yesu," mwenzangu alikuja kuniambia baadaye, karakanani, machozi yakimtoka. "Na kwetu pia tunafanyaka hivyo. Mutu akiwa mu njia, hawamuambiake." Mke wangu mwenyewe alifichwa kifo cha baba yake wiki tatu mpaka amalize mtihani wa kidato cha nne. Alipasua mtihani ule, akapata alama za juu, na mpaka leo anashukuru.

Vikao hivyo navijua. Nimekaa kwenye viwili au vitatu, kwenye viti vya plastiki vya kanisa, nikiitikia kwa kichwa wakati wazee wanapanga nani ataambiwa na lini. Tuliuita utu. Sikuwahi hata mara moja kuwaza kuhusu yule anayefichwa, anavyoonekana mjinga akisimama darajani anachekea simu ya mgonjwa mahututi.

Hata hivyo waliponiambia nilijifariji kwa jambo moja: kwamba alizidiwa ghafla, hakujua kitu, alilala tu akaenda. Mke wangu ndiye aliyesema hivyo. "Hakujua kitu," alisema, akanishika mkono.

Baada ya mazishi, Jumamosi moja, binti wa dada yangu alikuja kwangu na baiskeli ya mama yake. Akaniuliza kama naweza kumpeleka kwenye njia ya Harborne. Hakuwahi kutaka kuja hata siku moja mama yake alipokuwa hai. Kiti kilikuwa chini mno kwake, magoti yakimpanda juu, na hakutaka nikiinue. Tulipofika chini ya daraja la pili akasimama.

"Uncle, it was me on the phone," akasema. "On Mum's phone. When you sent the bridge."

Nikamwambia nilishakisia kwamba aliyekuwa akiandika kwenye simu ya mama yake ni yeye.

"I typed it all out. I typed that Mum's asking for you and you need to come home now. Auntie saw. She said delete it, that's not how we do things. So I sent the heart."

Auntie ni mke wangu; ndiye aliyemfutisha ujumbe wa kuniita nyumbani. Nikamwambia hapana, mama yako hakuwa akiniulizia, hakujua kitu siku ile, alikuwa amelala. Binti akanitazama kwa namna nisiyoipenda. Ilikuwa huruma.

"She was awake till the Wednesday morning. She kept looking at the door."

Macho wazi mpaka Jumatano asubuhi, akiutazama mlango. Jumatano ndiyo siku ya nne ya safari. Nilikuja kuangalia ratiba baadaye: asubuhi hiyo ilikuwapo ndege ya kutoka Málaga, ningekuwa wodini kabla ya adhuhuri. Lakini pale chini ya daraja sikuwa na hesabu hizo. Nilimuuliza tu mama yake alikuwa anasema nini.

Tangu awe mdogo tunamsemesha Kiswahili anatujibu Kiingereza, na tumeshazoea. Safari hii alijibu kwa Kiswahili, polepole, kwa sauti na lafudhi ya mama yake.

"Alisema, 'Mtoto amefika wapi?'"

"Na Auntie akamjibu nini?"

"'Yuko karibu,'" akasema. "Kila akiuliza. 'Yuko karibu, anapanda ngazi.'"