Flashi ya Mchana Kweupe

Idd kwetu Msambweni ilinukia udi, nguo mpya zisizofuliwa na, nyumbani kwetu peke yake, betri za moto. Mama alizianika dirishani jua lilipochomoza tu, akiamini zitarudisha nguvu, na ole wako uziguse. Alikuwa mpiga picha. Watu walimwita Mama Picha, na wanawake walimpenda kwa sababu mbele yake waliweza kulegeza buibui na kucheka mpaka basi bila kuona haya. Kamera yake ilikuwa ya dijitali, ndogo, aliyoachiwa na mgeni mmoja wa hoteli huko Diani. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na kazi yangu ilikuwa kubeba mkoba na kunyamaza. Kubeba niliweza.

Mwaka ule Idd pili iliangukia siku ya safari ya khala Mishi, mdogo wake mama, aliyekuwa akienda Saudia kufanya kazi za nyumbani kwa miaka miwili. Gari la kumpeleka uwanja wa ndege Mombasa lilikuwa lifike baada ya adhuhuri. Alikuwa akituachia Riziki, bintiye wa miaka mitatu, na alichotaka ni picha moja tu ya wao wawili, bahari ikiwa nyuma yao, ibaki ukutani ili mtoto asimsahau. Simu zetu wakati huo zilikuwa za mulika mwizi, zisizo na kamera, na picha yake pekee ilikuwa ile ya pasipoti, ambayo alikuwa akiondoka nayo.

Tukateremka pwani. Juani Riziki alifumba macho, kwa hiyo wakasimama kwenye kivuli cha mvinje. Mama akapiga, tukatazama kiooni. Bahari ilimeremeta, mchanga mweupe pe, na mbele yake vivuli viwili vyeusi kama masizi. Akapiga tena, yale yale. Akawaambia wageuke, lakini upande wa pili kulikuwa na ukuta wa choo, na khala akasema hawezi kukaa miaka miwili ukutani na choo mgongoni. Tukamwonyesha Riziki. Akagusa maji pale kiooni akasema ni bahari. Alipoulizwa mama yuko wapi, akaitazama picha, akamtazama mamaye, akatikisa kichwa. Khala alicheka, kisha akageuka akajifuta macho kwa ncha ya buibui. Iliniuma sana.

Mimi ni mbishi, sikatai. Nilikuwa nimeona arusini, bibi arusi kakaa mbele ya dirisha lenye jua, flashi ikawaka yenyewe na uso wake ukatoka vizuri. Nikasema, "Mama, washa flashi."

"Flashi mchana kweupe? Jua lote hili hulioni?"

Wanawake waliokuwa wakingoja zamu yao wakaangua kicheko. Mmoja akauliza kama nilitaka na taa ya chemli. Mama alikuwa na hoja yake: alama ya betri ilikuwa nyekundu, na flashi ingezimaliza kabisa. Nikamwambia kuwa jua liko kule baharini, si usoni mwao. Hapa chini ya mvinje ni kama chumbani. Akanitolea macho ambayo siku nyingine yangenifunga mdomo. Khala ndiye aliyekata shauri. "Mpe, dada. Picha ni yangu. Ikiharibika, basi."

Nikaipokea kamera. Nikabonyeza kile kitufe chenye alama ya radi mpaka ikakubali, nikasogea hadi hatua mbili kutoka kwao, maana arusini waliokaa mbali walitoka giza. Nikamwomba khala acheke. Flashi ikapiga.

Alitoka mzima! Wanja, hina ya mikononi, mwanya wa meno, kila kitu, na bahari nyuma yake bado ya buluu. Riziki aliweka kidole kwenye ule mwanya akasema, "Mama." Khala akamkumbatia, kisha akanikumbatia mimi, na waliocheka wakaanza kugombania nafasi, kila mmoja akitaka kupigwa na taa. Kamera ikazima papo hapo. Mama hakunigombeza. Alimtuma mtu dukani kwa betri mpya, akanivisha kamba ya kamera shingoni, na nilipiga picha mpaka alasiri. Nilivimba kichwa wiki nzima.

Leo nina studio yangu Ukunda, na taa zilizo ndefu kunishinda. Simu ya siku hizi huurekebisha uso kabla hujaiomba, na mtoto wa hapa humwona mamaye aliye Saudia kila jioni, wakazungumza huku mama akiosha vyombo. Nalifurahia jambo hilo kwa moyo mmoja. Sisi tulikuwa na picha moja, ukutani, karibu na mlango. Khala alikaa miaka minne badala ya miwili. Siku aliyorudi, pale uwanja wa ndege, sisi wakubwa tulikuwa bado tunamtafuta katika ule umati wa mabuibui Riziki aliponiponyoka mkononi, akakimbia moja kwa moja hadi kwake.