Chini ya Bogenvilia

Mama yangu alikuja kunitembelea Kitengela kutoka Rombo, kwetu Umaasaini, wakati wa mvua za Aprili. Baada ya siku chache alichoka kukaa ndani. Mimi nilikuwa na bustani ndogo ya maua mbele ya nyumba, na ndiyo aliyoipenda kuliko kitu kingine chochote pale. Mvua ilipokuwa ikinyesha taratibu tulikuwa tunaketi kwenye veranda na chai yetu, tukitazama maua mekundu ya kana yakitikisika na jeraniumu zikinywa maji.

Siku moja mvua ilikuwa imeanza tangu asubuhi. Mama alisema ardhi imelainika, ni wakati mzuri wa kupanda vijiti vya waridi alivyopewa na jirani. Akavaa gambuti zangu, akajifunika shuka kichwani, akashuka bustanini. Nilimwambia asubiri mvua ipungue, lakini hakunisikia. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa zamani, na la kulia lilitaka mtu amkaribie.

Mimi nilibaki na kikombe changu, nikifurahia harufu ya udongo. Ndipo nikaona mbwa amelala chini ya bogenvilia, pale kwenye ua wa miti ya kayaba ambapo matawi yamefungana na mvua haifiki. Nikajiuliza ni mbwa wa nani, maana alikuwa mkubwa sana. Kisha akageuza kichwa.

Hakuwa mbwa. Alikuwa simba jike.

Tulizoea kusikia kwamba simba hutoka mbugani mvua zikinyesha na kula mbuzi wa watu. Nilidhani ni mambo ya wale wanaokaa mbali na barabara. Sasa alikuwa kwangu, na mama yangu alikuwa ameinama karibu naye, amempa mgongo, anachimba shimo kwa kisu cha jikoni.

Nilitaka kupiga kelele, nikajizuia. Mama asingenisikia, ila simba angenisikia. Niliweka kikombe chini. Sikumbuki vizuri nilivyoshuka zile ngazi. Nakumbuka tu udongo mweusi ukishika ndala zangu kila nilipokanyaga, na mimi nikijiambia nisikimbie. Simba alikuwa ananitazama. Alilamba mguu wake, akanitazama tena.

Nilimgusa mama begani.

"Umeniletea chai huku kwa mvua?" akauliza, kwa sauti ile kubwa ya watu wasiosikia.

Nikamwinamia sikio la kulia, nikimwita mama kwa lugha yetu. "Yeyo, twende ndani. Polepole."

"Bado niko na vijiti viwili."

"Yeyo, kuna mnyama huko nyuma yako. Usikimbie."

Aligeuka, akaona. Mama amekulia na ng'ombe, na mimi maisha yangu yote niliamini haogopi chochote cha porini. Nilitegemea aninyamazishe, aniambie la kufanya. Badala yake aliangusha kisu, akanishika mkono kama mtoto. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Tulirudi kinyumenyume, tumeshikana. Ndala yangu moja ilibaki kwenye matope. Simba aliinuka kidogo, nikadhani tumekwisha, kumbe alikuwa anajinyoosha. Akalala tena. Tulipofika mlangoni nilimsukuma mama ndani, nikafunga komeo, nikaburuta meza hadi mlangoni.

Nilipiga simu kwa watu wa wanyamapori, kisha kwa jirani, nikawaambia wasitoke nje. Mvua ikazidi. Ilipiga mabati kwa nguvu hivi kwamba hatukuweza kusikia kitu kingine. Niliposogeza pazia tena, chini ya bogenvilia palikuwa patupu. Alikuwa amekwenda wapi? Angeweza kuwa nyuma ya tangi, au chini ya dirisha lenyewe.

"Olng'atuny," mama akasema, kwa Kimaasai, kana kwamba ndiyo kwanza anaamini ni simba. Kisha akaongeza, "Watu wanafikiri sisi hatuogopi. Mimi nimeogopa hao tangu nikiwa mtoto. Hakuna mtu aliwahi kuniuliza."

Askari wa wanyamapori walifika alasiri. Waliona nyayo zilizojaa maji, na pengo kwenye ua, pale maji ya mvua yanapotokea kwenda barabarani. Walisema huenda amerudi mbugani. Huenda. Jirani alinisaidia kuziba pengo kwa mawe na seng'enge.

Kesho yake ilinyesha tena. Hatukutoka kwenye veranda. Tulisimama dirishani na chai yetu, tukitazama maua, na yalikuwa mazuri, yameoshwa yakang'aa.

"Angalia pale kwa kana," mama akasema. "Kumetingishika."

"Ni upepo, Yeyo."

"Angalia vizuri."

Nikaangalia. Tuliangalia mpaka chai ikapoa.