Injini ya Boti Mlimani Kinole

Ilikuwa saa moja na dakika ishirini asubuhi, siku ya Alhamisi, shemeji yangu Athumani alipopiga hodi nyumbani kwetu Kilakala, mjini. Viatu vyake vilikuwa na udongo mwekundu wa mlimani, ishara kwamba alikuwa amelala njiani.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Mbona mapema hivi? Kuna msiba?"

"Bora ungekuwa msiba, watu wangechanga."

Mke wangu, ambaye Athumani ni mdogo wake, akamkaribisha chai na tukamsikiliza. Alikuwa ameajiriwa Kinole kuendesha mashine ya kusaga unga. Mashine ilichemka, akaizima, na tangu hapo haikufaa tena. Mwenye mashine akatangaza kwamba Athumani ametia kitu ndani ya injini ili kumhujumu. Alimpa hadi kesho, Ijumaa baada ya sala: ama alipe shilingi laki moja na elfu arobaini, ama akabidhi mikarafuu kumi na miwili.

Mikarafuu hiyo haikuwa yake peke yake. Kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, kwa hiyo miti ile ilikuwa ya mke wangu pia, na baadaye ingekuwa ya watoto wetu. Mke wangu hakupiga kelele. Aliweka birika chini akasema, "Baba Zuhura, chukua spana zako."

Miaka hiyo kila kitu kilikuwa kinauzwa. Kiwanda nilichokitumikia kilikuwa kimefungwa kufuli kikingoja mnunuzi, nami nikaishi kwa kutengeneza pampu za watu. Ufundi huo sikuupata darasani. Niliupata katika vitabu vya mitambo, nikiwa na kamusi pembeni. Vilikuwa vitabu vizuri, na hakuna hata kimoja kilichonitayarisha kwa wafanyabiashara wa soko huria.

Saa tatu, Bigwa. Tulipata lori lililokuwa linakwenda kuchukua ndizi, tukakaa juu ya matenga matupu. Barabara ya Kiroka ilikuwa mashimo matupu, na dereva aliyakwepa kwa kuingia katika mengine. Aliposimama kupoza injini, akaniuliza ninakwenda kutengeneza nini.

"Injini ya boti," nikamjibu.

"Ya boti? Kinole?"

"Ndiyo. Inasaga unga."

Akacheka mpaka akashika usukani. "Huyo tajiri anangojea gharika ya Nuhu, baba. Mwache, anajua kitu."

Tajiri huyo hakujua kitu. Injini ile aliinunua Dar es Salaam katika mnada wa kampuni ya uvuvi iliyokufa, kwa sababu ilikuwa rahisi. Injini ya gari hubeba maji yake ndani ya rejeta. Ya boti haina rejeta, kwani kazi yake ni kunywa bahari upande mmoja na kuitema upande wa pili. Ukiileta mlimani lazima uipe kijito, na kijito hicho kiwe safi.

Saa sita, Kinole. Kutoka Mkuyuni tulikuwa tumepanda kwa miguu. Ulikuwa msimu wa karafuu, na kila uani mikeka ilikuwa imetandazwa, harufu ikikwaruza koo. Mashine ilikuwa katika banda la mabati kando ya kijito. Juu ya mlango palikuwa na kibao chenye jina la mwenyewe, Shomari, likifuatiwa na neno "Intanesheno". Mahali pa mbali zaidi ambapo kampuni hiyo ilikuwa imefika kibiashara ni Mikese, mkoa huu huu.

Shomari alitaka kuitwa Mkurugenzi. Alikuwa amevaa tai, na kiganjani alishika kikokotoo kama mtu mwingine anavyoshika tasbihi.

"Wewe ndiye fundi? Umesomea wapi?"

"Nyumbani."

"Aa! Mimi nimeleta mtaalamu kutoka Dar. Amefunga pampu mpya kabisa, na bado inachemka. Mwenyewe amesema hii ni hujuma. Sasa wewe wa nyumbani utasema nini?"

"Nitasema nikishafungua."

Nje ya banda walikuwapo wanawake na madebe yao ya mahindi, wakingoja bila matumaini makubwa. Mmoja wao, Bi Tatu, alikuwa na ulimi mkali. "Mfungue na Mkurugenzi mwenyewe," akasema. "Pengine kilichoziba kiko huko."

Nilianza na pampu. Ilikuwa mpya na haikuwa na kosa, kama vile ya zamani iliyotupwa pembeni nayo haikuwa na kosa kubwa. Mtaalamu wa Dar alikuwa ameuza alichokuja nacho. Kisha nikafungua kipozeo, ambacho ni kopo refu la shaba lenye mirija mingi myembamba ndani yake. Maji ya kijito hupita katika mirija hiyo na kuondoa joto la injini. Nilipoondoa kifuniko, mirija haikuonekana. Palizibwa na kitu kama kiota cha ndege, cheusi, kinanuka karafuu.

Nikaomba ufagio wa chelewa. Waya wa chuma ungekwaruza shaba, lakini kijiti cha chelewa hupita na kusukuma bila kudhuru. Nikasafisha mrija mmoja mmoja, na kilichotoka nikakipanga juu ya gunia kwa mfuatano wake. Chini kabisa ya kipozeo palikuwa na vipande vya kombe za baharini, maana muuzaji wa mnada hakujisumbua hata kuisafisha. Juu ya kombe palikuwa na vikonyo vya karafuu, vile vijiti vyenye matawi kama vidole vya kuku. Vya ndani vilikuwa vimeoza na kushikamana, vya nje vilikuwa bado vibichi.

"Hiyo ndiyo hujuma!" Shomari akapaza sauti. "Mmeona? Karafuu ndani ya injini! Nani mwenye mikarafuu hapa kama si Athumani?"

"Kijiji kizima," akajibu Bi Tatu.

Nikamweleza kwamba mtu akitia vikonyo kwa siku moja, vyote huwa na umri mmoja. Hivi viliingia kidogo kidogo tangu msimu ulipoanza, tena kwa njia ya maji. Kisha nikauliza chujio liko wapi. Kila injini ya boti huwa na chujio la shaba kwenye bomba la kuvutia maji.

"Kile kidude kizito?" akasema. "Nilikiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Shaba ina bei. Na kilikuwa kinapunguza maji."

Nikalifuata bomba hadi kijitoni, watu wote nyuma yangu. Juu kidogo ya mdomo wa bomba palikuwa na ua wa Shomari mwenyewe, kwa maana alikuwa pia mnunuzi wa karafuu. Hakutaka kulipia uzito wa vikonyo hata kidogo. Kwa hiyo kila mkulima alilazimishwa kuchambua karafuu zake papo hapo mbele ya mizani, na vibarua walifagia vikonyo vyote majini. Tulipofika, kibarua mmoja alikuwa anafagia.

Bi Tatu akashika kiuno. "Mkurugenzi! Kumbe unatema huku, unakunywa kule?"

Vicheko vilishuka na kijito. Nilingoja viishe, nikamtaka Shomari aseme mbele ya hao hao kama Athumani anadaiwa.

"Basi, yaishe," akanung'unika.

"Yaishe vipi? Anadaiwa, hadaiwi?"

"Hadaiwi."

Nikaongeza, kwa kuwa ilikuwa kweli, kwamba Athumani aliizima injini mara tu maji yanayotemwa yalipopungua. Angechelewa, ingekwama kabisa. Shomari aliitazama tai yake. Nikatoboa kopo tupu la mafuta ya kupikia kwa msumari, nikalifunga kwenye mdomo wa bomba, na bomba nikalihamishia juu ya ua wake. Alasiri mashine ilikuwa inasaga, na Bi Tatu akawa wa kwanza kwenye foleni.

Ijumaa asubuhi, kabla ya kushuka Mkuyuni kutafuta lori, nilidai ujira wangu wa shilingi elfu tano. Shomari akatoa kikokotoo. Akakata wali niliokula. Akakata dizeli iliyotumika kuijaribu injini yake. Akakata ufagio wa chelewa, akakata na kopo. Kisha akaniuliza kwa upole kama mjini kuna mtu anayenunua vikonyo.

Nimejifunza kwamba soko huria halimfundishi mtu hesabu, linampa tu kikokotoo. Mikarafuu kumi na miwili imebaki kwa wenyewe. Mimi nililipwa elfu moja na mia moja, na nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa elfu moja na mia nne. Hasara yangu ni shilingi mia tatu.