Panya Aliaminiwa

Mdogo wangu wa kiume alipoteza mguu kwenye machimbo ya Geita. Matimba, yaani magogo yaliyoshikilia kuta za shimo lao, yalikatika, gogo likamponda mguu, ukakatwa chini ya goti. Nikamleta kwangu Nyahanga, hapa Kahama. Kidonda kilipona vizuri. Maumivu hayakupona. Yalimjia kwenye unyayo ambao haukuwepo tena, naye akawa anauma shuka ili majirani wasimsikie.

Nilimpeleka kliniki. Daktari akalitazama kovu. "Pamekauka. Sasa kinachouma ni nini?"

"Vidole," mdogo wangu akajibu.

Yule daktari akacheka. Akamwandikia panado na kumwonya aache kutafuta dawa za kulevya. Nilitoka pale na hasira.

Binti yangu anasoma ng'ambo, kwenye maabara inayotafiti maumivu. Nilimpigia siku ileile, nikaweka simu kwenye sauti kubwa ili mdogo wangu asikie.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba."

Akatueleza dawa wanayoijaribu. Ikiingia mwilini inatulia tu. Ukimulika mahali panapouma kwa mwanga wa rangi fulani, inabadili umbo palepale na kuzima maumivu, bila kumlewesha mtu mwili mzima. Ukibadili mwanga, inalala tena. Hivyo wanajua pia ni mishipa gani ya fahamu inayobeba maumivu.

"Mmeshampa nani?"

"Bado ni panya tu, mjomba."

"Panya hasemi. Mnajuaje anaumwa?"

"Tunamwangalia anavyokanyaga, anavyojilamba mguu."

Mdogo wangu akaisogelea simu. "Basi panya anaaminiwa bila kusema. Mimi nasema, naitwa teja."

Binti yangu akampa pole. Kisha akasema dawa ya mwanga itachukua miaka, lakini maumivu ya kiungo kilichokatwa yanajulikana na madaktari, na dawa za kuyapunguza zipo hata kwetu.

Tukaenda hospitali mjini Shinyanga. Daktari mmoja mwanamke alimsikiliza hadi mwisho, akampa dawa ya mishipa ya fahamu. Maumivu yamepungua, ila dawa inamsinzisha mchana kutwa. Anaweza kulala na tonge la ugali mkononi.

Nilirudi kwa yule daktari wa kwanza kumweleza kuwa maumivu hayo yanajulikana na dawa ipo.

"Mama, wagonjwa ni wengi," akasema.

"Wengi wametoka machimboni, na wengine wamekatwa miguu kama mdogo wangu," nikamjibu. "Waulize kama vidole vinawauma. Na wakikujibu, usicheke."