Mama mkwe, bukta na bwawa

Wenye mama mkwe, nipeni pole. 🙈

Leo nilikuwa nafunga bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba kabla baridi ya Toronto haijachachamaa. Tumelitelekeza tangu mwaka jana, maji kijani kama mlenda. Nikabaki na bukta, nikaingia kutoa majani.

Mara mlango ukafunguka. Mama mkwe, kafika juzi kutoka Moshi!

Nikazama hadi shingoni. Mkwe anione hivi? Thubutu!

"Toka, baba, utakufa na baridi!"

"Niko sawa, mama!" Meno yanagongana.

Akanipa mgongo, akaja kinyumenyume na kanga mkononi, moja kwa moja bwawani!

Ikabidi niruke nje nimdake kabla hajatumbukia.

Kafumba macho. "Sijaona kitu, baba."

Akaninyooshea kanga, macho bado kafumba.

"Ila mbona umekonda hivyo?"